Kabla sijasomewa wasifu

Mtu aliyezoea misiba ya nchi hii anaweza kuandika wasifu wa marehemu ambaye hajawahi kumwona. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa nne kati ya tisa. Alibatizwa, akapata kipaimara. Alisoma shule ya msingi hapa na sekondari pale, akaajiriwa, akahamishwa, akastaafu. Alifunga ndoa takatifu, wakajaliwa watoto. Msomaji anageuza ukurasa, na kuanzia hapo habari inachangamka: alianza kusumbuliwa na presha, akapelekwa kituo cha afya, akapewa rufaa, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani, hali ikabadilika ghafla usiku wa kuamkia Alhamisi. Miaka sabini imekwenda nusu ukurasa. Wiki tatu za ugonjwa zimejaza ukurasa mzima.

Nimezisikiliza karatasi hizo chini ya maturubai ya Tukuyu tangu ujana wangu. Kwetu Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mara nyingi msomaji hulazimika kunyamaza katikati ya sentensi hadi kelele za turubai zipungue, na waombolezaji hubaki wakitazamana, wakingoja kujua marehemu alihamishiwa wilaya gani. Zamani nilisikiliza kama mwalimu, nikiwinda tarehe zisizolingana. Sasa nimevuka sabini, ni mgane, na ninasikiliza kama mtu ambaye karatasi yake iko njiani.

Itifaki nayo inaniudhi, niliseme hilo mapema lipite. Diwani amefika, mwakilishi wa mheshimiwa fulani amefika, mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo amefika na anatuma salamu za aliyeshindwa kufika. Kuwataja waliokuja kunachukua muda mrefu kuliko kumtaja aliyelala kwenye jeneza.

Kanisa langu la Moravian lilianza na desturi nyingine kabisa. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi katika ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Katika karne hiyohiyo walianza utaratibu wa muumini kuandika habari za maisha yake mwenyewe, ili zisomwe siku ya maziko yake. Hawakuandika wakubwa peke yao. Waliandika maseremala, washonaji, wajakazi na wajane, na asiyejua kuandika alimsimulia mwenzake. Huko Bethlehem, Pennsylvania, imehifadhiwa mpaka leo habari ya Magdalene Beulah Brockden, mwanamke aliyezaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaishia katika jamii ya Wamoravian. Ni habari fupi, lakini anayesema ni yeye. Hakuna katibu wa kamati aliyemsemea.

Kuna jambo moja katika desturi hiyo ninalolipenda kuliko mengine yote: mwandishi hawezi kumaliza. Aya ya mwisho, ile ya kuugua na kufa, iliongezwa na mtu mwingine, mtoto au mchungaji. Ugonjwa ulipewa nafasi yake mwishoni, nafasi ya mgeni aliyechelewa.

Wamoravian wa kwanza walifika kwetu mwaka 1891. Walitumwa wanne: Theodor Meyer, Theophil Richter, Johannes Häfner na Georg Martin. Martin alifariki kwa homa mwaka huohuo. Mengi waliyotoka nayo Herrnhut yalivuka bahari yakakaa. Tuna matarumbeta. Tuna mafungu ya Biblia ya kila siku, ambayo Herrnhut imekuwa ikiyachapa kila mwaka tangu 1731. Tuna ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini hiyo ya mtu kujiandikia, katika usharika wetu sijaiona. Tuna kamati ya mazishi, kamati ina katibu, na katibu ana simu.

Wasifu wa mke wangu uliandikwa hivyo. Mwanetu wa kiume aliuandika usiku wa kuamkia maziko, amesimama barazani, huku wengine wakimuuliza kuhusu mchele, kuhusu mafuta ya basi la ndugu, kuhusu mtu wa jenereta. Simlaumu hata chembe. Kijana yeyote aliyefiwa na mama yake na wakati huohuo akapewa kazi ya kutafuta sufuria kubwa nne kabla ya saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuwa mwanahistoria. Alifanya alichoweza, na aliyesoma alisoma vizuri, kwa sauti inayosikika hadi nyuma.

"Alijaliwa watoto sita."

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, aliyekuwa amesafiri kutoka Urambo kwa barabara ya Rungwa na Chunya, aliinua kichwa akanitazama. Kati ya mamia ya watu waliokaa pale, sisi wawili tu ndio tuliosimama kwenye kaburi la wa saba, ambaye kwa hesabu sahihi alikuwa wa kwanza.

Alikuwa mvulana. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana huko Urambo, mkoani Tabora, nimeoa binti wa Kinyamwezi, Mmoravian kama mimi. Misheni ya Urambo ilikuwa ya Waingereza wa London Missionary Society kabla Wamoravian hawajaichukua mwaka 1898, na wakwe zangu walikuwa watu wa misheni hiyo tangu mababu. Surua iliingia kijijini wakati wa kiangazi. Watoto walianza na mafua na macho mekundu, kisha upele nyuma ya masikio, kisha kifua. Wetu alikuwa anaanza kuunganisha maneno mawili mawili. Alizikwa kwenye makaburi ya misheni, chini ya jiwe la kulala, dogo.

Mwaka uliofuata, 1975, serikali ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo za watoto. Mama yake aliwapeleka kliniki wote sita waliofuata. Alitembea nao mgongoni kwenye vumbi la Urambo, na baadaye, nilipohamishiwa kwetu Rungwe, kwenye utelezi wa Tukuyu. Kadi zao alizihifadhi ndani ya Biblia, katikati ya Agano la Kale na Agano Jipya, na ziko hapo hadi leo ingawa mmoja wa wenye kadi ana watoto wanaosoma chuo kikuu. Jambo hilo halikusomwa. Halikusomwa kwa sababu hakuna safu yake: kuna safu ya elimu, ya ajira, ya huduma kanisani, na yeye kwenye ajira aliandikiwa "mkulima na mama wa nyumbani".

Nimejaribu kufikiri ningesoma nini mimi, kama ningepewa zile dakika tano. Pengine ningesema habari za michembe.

Kwa wasioijua, michembe ni viazi vitamu vinavyomenywa, kukatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi na kuanikwa hadi vikauke kabisa. Unyamwezini ni akiba ya miezi ya njaa. Unaichemsha, unaipondea karanga, mtu anashiba. Inahitaji jua kali, na jua kali ndilo lisilopatikana Tukuyu. Mke wangu hakukubali. Kila mwaka alikata viazi, akavianika juu ya bati, wingu likashuka kutoka mlimani, akawaita watoto wapande kuanua. Akajaribu kwenye turubai, akajaribu barazani. Mwishowe akatengeneza uchaga wa mianzi juu ya moto wa kuni jikoni, na michembe ikatoka mieusi, migumu, inanuka moshi kama samaki wa Kyela. Watoto wetu wamekua wakijua kuwa hiyo ndiyo rangi yake. Tulipowapeleka kwa bibi yao likizo, wakaona michembe myeupe kwenye ungo, mmoja akauliza kama bado haijaiva.

Majirani walimcheka. Wanyakyusa tuna ndizi mwaka mzima, tuna magimbi, tuna maharage, tuna mchele unaopanda kutoka Kyela. Nani wa kukausha viazi? Yeye alijibu kwa Kinyakyusa, alichokijua vizuri kuliko walivyodhani, kuwa mtu hawezi kujua lini atakumbuka kwao. Mimi aliniita Mwalimu, hata jikoni, hata akiwa amekasirika. "Mwalimu, moshi ule unaouona ni wangu, sio wako. Funga mlango."

Basi nimenunua kauntabuku na ninaandika wasifu wangu mwenyewe. Nilidhani itakuwa kazi nyepesi, maana tarehe zote ninazo. Tarehe nilizimaliza upesi. Baada ya hapo kalamu ikaanza kwenda kwa watu wengine: kwa baba yangu, aliyekwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini kwa Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi, kama vijana wengi wa Rungwe wa wakati wake, akarudi na sanduku la bati na kikohozi, kwa mama yangu, aliyelima mashamba ya mume asiyekuwepo kisha akamuuguza mume aliyerudi, kwa mwalimu aliyenipiga kwa sababu ya mwandiko, ambaye mwandiko wangu wa sasa ni wake.

Hapo ndipo ninapotakiwa kuwa mwangalifu. Mzee akishika kalamu, zamani inakuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Vijana wa usharika wananialika kwenye semina zao wakitaka niwaambie kuwa enzi zetu watu walipendana, msiba wa mmoja ulikuwa wa kijiji kizima, hapakuwa na michango ya lazima wala sare. Ni kweli msiba ulikuwa wa kijiji kizima. Lakini Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi kwetu kati ya 1934 na 1938, wameandika pia yale ambayo babu zetu hawakutuhadithia sana: wanaume wakicheza ngoma ya mikuki msibani hadi ugomvi ukazuka, na maiti kupasuliwa tumbo ili kutafuta dalili za uchawi, kisha jirani akatajwa. Wakristo wa kwanza walijitenga na hayo, wakaimba nyimbo za kanisa mahali pa ngoma, na wakaonekana watu baridi wasiojua kulilia wafu wao. Nikilalamika juu ya mpiga video anayewapanga wafiwa waangalie kamera, nakumbuka kuwa wazee wa wakati ule nao walilalamika kuhusu kwaya.

Kinachonipa taabu kweli kiko kwenye Pasaka.

Ibada ile ilianza Herrnhut mwaka 1732, pale vijana walipopanda kwenye makaburi yao alfajiri kumwimbia Kristo mfufuka. Sisi tunaamka usiku wa manane. Matarumbeta yanapita mitaani kuamsha watu, tunatoka na tochi, koti juu ya koti, tunakwenda tukijuana kwa sauti kwa kuwa nyuso hazionekani. Makaburini tunasimama mpaka kuche. Katika liturujia ya asubuhi hiyo kuna sehemu ambapo Kanisa linawakumbuka waliolala katika Bwana tangu Pasaka iliyopita, na usharikani kwetu majina husomwa.

Pasaka ya kwanza baada ya kumzika mke wangu, jina lake lilisomwa. Nililisikia likitoka kwenye kinywa cha mwinjilisti, jina la ubatizo na la ukoo, na watu wa karibu yangu wakanigusa mkono. Niseme nini, nilifarijika. Pasaka ya pili nikaenda tena, nikasimama palepale, na orodha ikasomwa ikaisha. Hakuwemo. Kwa kweli hakupaswa kuwemo, maana orodha ni ya waliokufa mwaka huo, na wapo waliokuwa wanasikia majina ya watu wao kwa mara ya kwanza. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kuliko siku ya maziko.

Niliikasirikia liturujia, jambo la ajabu kwa mtu aliyekuwa mzee wa kanisa. Nilimwambia mchungaji, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Hakunihubiria, namshukuru kwa hilo. Aliniuliza swali: mtoto wa Urambo, je, yeye aliwahi kusomwa?

Aliwahi. Pasaka ya 1975, kule Urambo, kwenye makaburi ya misheni ambako mawe yote hulala chini na hakuna jiwe refu kuliko jingine. Mama yake alikuwa na mimba ya wa pili. Baada ya hapo kila Pasaka ya Rungwe, kwa miaka mingi, alisimama kati ya makaburi ya watu wasiomhusu, wakwe na majirani, akaimba beti zote bila kitabu, huku wa kwake mwenyewe amelala mkoa mwingine na hajatajwa tangu zamani zile. Hakuwahi kulalamika kuhusu orodha. Alichokuwa akifanya, nami nilikiona bila kukitilia maanani, ni kusogeza midomo kidogo orodha inapoisha, kabla ya tarumbeta. Nilifikiri anaomba. Pengine alikuwa anaomba.

Injili ya Yohana inasema Mariamu Magdalena alipomwona Yesu bustanini alfajiri ile alimdhania kuwa mtunza bustani, na hakumtambua kwa uso wala kwa maelezo. Alimtambua alipoitwa jina lake. Mimi si mwanatheolojia. Nimefundisha shule ya msingi, na ninachojua kuhusu majina nimekijua kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto asiyefika darasani hafutwi. Jina lake linaitwa asubuhi, wenzake wanajibu "hayupo", mwalimu anaweka alama, na kesho linaitwa tena. Jina huondoka kwenye daftari kwa barua ya uhamisho, na barua hiyo ikifika, maana yake mtoto anaitwa mahali pengine. Ufufuo ninaouamini hauzidi sana hapo. Ninapozidiwa na maswali, na usiku wa mgane una maswali mengi, hilo linanitosha mpaka asubuhi.

Watu wamekuwa wema kwangu kwa namna yao. Mjane wa kike hutembelewa na akina mama wa kanisa kwa miezi. Wanakuja na unga, wanakaa, wanalia naye, wanapalilia. Mgane huletewa ushauri. Haikupita muda mrefu baada ya kuanua matanga, mzee mwenzangu, kwa heshima zote, akanidokeza kuna mama fulani mtulivu, mchapakazi, anayeweza kunipikia. Nilimwambia kupika najua. Hilo halikuwa kweli sana wakati ule, sasa limekuwa. Ninaweza kupika mbalaga, zile ndizi zetu, na maharage bila kuunguza. Michembe sijajaribu, ingawa uchaga upo.

Habari ya kauntabuku nilipoitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp, simu ilinyamaza nusu siku. Kisha binti yangu mkubwa akapiga kutoka Dar es Salaam. "Baba, shikamoo. Mbona unajitabiria?" Nikamwambia sijitabirii, umri ndio unaotabiri. Akalia, kisha akataka kujua nimeandika nini kuhusu ndoa yake. Mdogo wake, yule aliyeandika wasifu wa mama yake, hakupiga. Alituma ujumbe: MC hutoa dakika tano, Baba, na ukurasa mmoja wa maandishi makubwa. Baada ya saa moja akatuma mwingine. "Aliitwa nani?"

Nilimwandikia jina. Nikamweleza pia mwaka, ugonjwa, na mahali lilipo jiwe, upande wa kulia ukiingia. Nikamwomba shemeji apige picha, naye akatuma: herufi zimefunikwa na ukungu, lakini zinasomeka. Mwezi uliofuata mwanangu alichukua likizo, akapita Chunya na Rungwa, akalisugua jiwe lile kwa brashi ya kufulia. Hakuniambia kuwa anakwenda. Picha ya pili ndiyo iliyoniambia.

Mjukuu wangu anayeishi nami, binti wa kidato cha tatu, ndiye anayenichapia. Ana maoni yake. "Babu, hapa umemtaja Bibi mara nyingi kuliko ulivyojitaja wewe. Sasa huu ni wasifu wa nani?" Nikamwambia achape kama ulivyo. Anasema pia kuwa sehemu ya Wenela inachosha na sehemu ya michembe irefushwe. Kuhusu ugonjwa nimeacha mistari miwili mitupu mwishoni, kwa maelekezo kwamba atakayeijaza asizidishe hapo, hata kama rufaa zitakuwa nyingi.

Nakala moja nimeipeleka ofisi ya usharika. Karani, dada mwangalifu sana wa kumbukumbu, aliipokea, akafungua rejista ya vifo, akaifunga, akafungua ya washarika, akaona haina nafasi, akaniuliza aiweke faili gani. Tukakubaliana bahasha. Akauliza juu ya bahasha aandike nini. Jina tu, nikamwambia.

Wazee wawili waliokuwa nje wakingoja kulipa ahadi zao walisikia kila kitu. Mmoja alisema hayo ni mambo ya Wazungu. Nilimweleza kuwa Wazungu haohao ndio walioileta ibada ya makaburini tunakokwenda naye kila Pasaka, akacheka, akasema atafikiri. Wa pili hakusema neno, lakini wiki iliyofuata alikuja kwangu kuazima rula na kuuliza kama inaruhusiwa kuandika kwa Kinyakyusa. Inaruhusiwa, nilimwambia. Amejaza daftari la kwanza, anatafuta la pili. Amefika mwaka 1967 na bado hajaoa.